Sura ya Saba: Mkono wa Mtu

Asubuhi za Juni mjini Sumbawanga hazina huruma. Baridi hushuka kutoka milima ya Mbizi, na chuma kilicholala kibandani usiku kucha hukishiki bila kujikunyata. Asubuhi moja ya namna hiyo, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa peke yangu katika jimu ya mtaani: kibanda cha mabati nyuma ya gereji, benchi la mbao, stendi mbili za kuchomelea, na bomba la maji lililozamishwa kwenye ndoo ya zege kila ncha. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini, sikupasha mwili moto. Nililala chali, nikaliondoa bomba kwenye kulabu, nikalishusha kifuani na kulipandisha mara tano. Mara ya sita lilipanda kiasi cha kiganja, likasita, likarudi taratibu hadi kifuani, likatulia pale.

Upande wa pili wa bati, hatua kumi hivi, fundi alikuwa akikata chuma kwa grainda. Nilifungua mdomo nimwite. Hakikutoka kitu.

Nikajaribu kuliinamisha upande mmoja ili uzito uteleze. Wapi! Zege lilikuwa limeshikana na bomba tangu siku lilipomwagwa. Mwishowe nililisukuma kwa viganja likabingirika, kifuani hadi tumboni, tumboni hadi mapajani, nikapata kukaa. Wiki nzima nilitembea nimeinama kama mtu aliyetoka kulima matuta.

Habari ilipofika mtaani ilikuwa imeshapata tafsiri yake. "Kijana mwenye nguvu zile, bomba limlalie hivihivi? Hapo kuna mkono wa mtu." Katika mji ambao jina lake lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", hakosekani wa kusema hivyo. Nilicheka kwa tabu, mbavu zikiuma. Fundi peke yake hakugusia uchawi. Alizima grainda yake, akalitazama benchi, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, ulitegemea likikataa liende wapi?"

Sikuwa na jibu. Sura hii ndiyo jibu langu kwake.

Kwa nini sauti haikutoka

Mazoezi mengi ya chuma yana njia ya kutokea. Ukinyanyua kutoka sakafuni ukashindwa, unakiachia, kinarudi kilikotoka. Ukikiinua juu ya kichwa ukiwa umesimama ukazidiwa, unakitupa mbele na kurudi nyuma hatua moja. Benchi halina hatua ya kurudi nyuma. Wewe mwenyewe ndiye uliye katikati ya chuma na ardhi, na njia kinayopita imenyooka juu ya kifua, shingo na uso wako.

Kifua cha binadamu hupumua kwa kutanuka. Kikibanwa na uzito kisiweze kutanuka, hewa haiingii, na pasipo hewa sauti haipo. Ndiyo maana mtu aliyelaliwa na chuma hufa kimya, na ndiyo maana mwenzako aliye chumba cha pili, au anayeoga, au anayekata chuma kwa grainda, si msaada. Chuma kikiangukia shingoni mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu koromeo ni gegedu, na gegedu likipondwa njia ya hewa huziba. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne au tano hivi. Muda huo haumtoshi jirani hata kumaliza kuuliza kuna nini.

Mwaka 2017, kaskazini mwa jiji la Brisbane huko Australia, mvulana wa miaka 15 alinaswa chini ya chuma cha benchi katika jimu ambamo hapakuwa na mtu wa kumwona. Alikutwa kwa kuchelewa, akafariki. Jimu hiyo ilikuwa na benchi la kiwandani, sahani za kiwandani na taa nzuri kuliko kibanda chetu. Kilichopungua kilikuwa kilekile kilichopungua kwangu.

Ila usikimbilie kusema kwamba dawa ni kuwa na mtu tu. Tarehe 28 Septemba 2009, Stafon Johnson, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Southern California, alikuwa akisukuma benchi kilo 125 hivi, huku kocha msaidizi wa mazoezi ya nguvu akiwa amesimama kichwani pake. Chuma kilimponyoka mkononi kikamwangukia shingoni. Alifanyiwa upasuaji wa saa saba hivi. Alipona, na mwaka uliofuata akasajiliwa na Tennessee Titans. Chuma kinachoponyoka hakimpi nafasi hata aliye karibu, kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni dole gumba lako. Lizungushe kwenye chuma kama unavyoshika mpini wa jembe. Wapo wanaoliacha dole gumba upande mmoja na vidole vingine, wakidai mkono hukaa vizuri zaidi. Hao wameweka uhai wao juu ya jasho la kiganja. Shirikisho la kimataifa la pawalifting (IPF), lililoanzishwa mwaka 1972, halikubali kabisa mshiko huo mashindanoni.

Nitwike, nitue

Watu wa Ufipa, huku Sumbawanga, si wageni wa uzito. Kwa vizazi vingi wamelima kwa matuta ya mboji, yale ambayo Kifipa huyaita intumba, wakifukia nyasi chini ya udongo kwa jembe la mkono. Kazi hiyo hujenga mgongo, mabega ya nyuma na mikono ya kuvuta. Lakini katika maisha ya shambani hakuna anayelala chali akasukuma mzigo kuelekea mbinguni. Kijana aliyebeba magunia tangu utotoni huingia jimu akijiona ameshamaliza darasa, kumbe misuli ya kusukuma ndiyo kwanza inaanza chekechea. Anayebeba gunia la kilo 100 mgongoni asishangae benchi la kilo 60 likimkalia.

Sasa mtazame mpagazi sokoni. Gunia lile hakulitoa chini mwenyewe. Aliinama, wenzake wawili wakamtwika, akatembea. Akifika kwenye lori anageuza mgongo, anatuliwa. Nenda bombani: mama aliyejaza ndoo humwambia yeyote aliye jirani, hata asiyemjua, "Dada, nitwike." Lugha yetu imetenga kitenzi kizima kwa ajili ya kumpandishia mwenzako mzigo, na kingine kwa ajili ya kumshusha. Hakuna anayemcheka mpagazi kwa kutwikwa, wala anayedai mama yule hana nguvu kwa kuwa ameomba mkono.

Jimu peke yake ndiko tulikoigeuza haja hii ikawa aibu. Kijana ataongeza sahani ambayo hajawahi kuisukuma, atazame huku na huku, aone soni kumwambia mtu "njoo usimame hapa". Anafikiri kusimamiwa ni kwa wanaoanza. Kumbe ni kinyume, maana kadiri uzito unavyopanda ndivyo watu wanavyoongezeka. Kwa kanuni za IPF, wanaonyanyua chuma kikubwa kuliko wote duniani hawaruhusiwi kulala benchini bila wasaidizi wasiopungua wawili jukwaani, na wanaweza kufika watano. Kwenye Michezo ya Paralimpiki pawalifting ni benchi tu, na huko pia wasaidizi husimama pande zote mbili za chuma. Hellen Wawira wa Kenya aliposhinda medali ya shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, watu hao walikuwepo jukwaani, na hakuna aliyesema medali ile ni nusu yao.

Mtu wa kichwani

Katika kibanda chetu anayesimama nyuma ya benchi tulimwita mtu wa kichwani. Kazi yake huanza kabla chuma hakijatoka kwenye kulabu.

Kwanza anauliza, "Ngapi?" Unamwambia idadi unayokusudia, na kama unataka akusaidie kukitoa kwenye kulabu. Mnakubaliana neno moja la kuomba msaada. Sisi tulitumia "shika", kwa kuwa ni fupi na hutamkika hata pumzi ikiwa imekwisha. Mkikubaliana neno refu, hamjakubaliana neno.

Pili, anasimama karibu na kichwa chako, miguu imepanuka, magoti yamelegea, mgongo umenyooka, mikono chini ya chuma bila kukigusa. Akikigusa mapema anakuibia zoezi, na ninyi wawili mtadanganyana kuhusu nguvu zako. Akisimama mbali mikono kifuani, anatazama tu kama mtu aliyekuja kuangalia mechi Uwanja wa Nelson Mandela.

Tatu, anasoma dalili. Chuma hukwama mara nyingi sentimita chache juu ya kifua. Kikipunguza mwendo, mwache apambane, kikisimama, jiandae, kikianza kurudi chini, shika hata kama hajasema. Kushika huku hakuhitaji umfikie mwenzako kwa nguvu. Aliyeshindwa kumaliza kilo 80 mara nyingi amepungukiwa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho utakachotia. Lakini hesabu hiyo ni kweli ikiwa aliyelala anaendelea kusukuma. Akiona umeshika akalegeza mikono, kilo zote 80 zimekuwa zako, nawe umeinama vibaya. Kwa hiyo aliyelala ana sharti lake: akishikiwa, asiache kusukuma hadi asikie chuma kimegonga kulabu.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo hutesa jimu kila siku. Aliyesimama huuona mzigo kuwa mwepesi, hupiga kelele za "bado mbili, bado mbili!" huku jicho moja likiwa kwenye simu. Simu iwekwe mbali. Na wakisimama wawili, mmoja kila ncha, mmoja wao tu ndiye atoe amri ya kuinua. Anayewahi kuinua upande wake humgeuza mwenzake kuwa kitanga cha mizani.

Kuna jambo jingine ambalo wanaofanya mazoezi jioni Sumbawanga hawahitaji kuelezwa. Mji huu ulitegemea kwa miaka mingi umeme unaoletwa kutoka Zambia, na giza la ghafla si habari mpya. Wekeni sharti: taa zikizima, mtu wa kichwani anashika papo hapo, bila kungoja neno.

Zege na hesabu zake

Vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa mbali na hapa hudhani msomaji ana chuma cha kilo 20 na sahani zilizopigwa chapa ya uzito. Wengi wetu tuna ndoo, kopo la rangi na mfuko wa saruji. Si vibaya, misuli haisomi chapa. Ila zege lina tabia zake.

Lita moja ya zege lililokauka ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Kopo la rangi la lita 4 linakupa karibu kilo 10. Ndoo ya lita 10 inakupa 24. Ndoo mbili za lita 10 ni kilo 48, na bomba la inchi moja na nusu lenye urefu wa mita mbili lina kilo saba hivi, jumla 55. Vijana wengi huziita "ishirini ishirini" wakajiona wanasukuma 40. Ndiyo hesabu iliyonilaza mimi. Tena ndoo moja ikijazwa hadi ukingoni na nyingine ikapungua vidole vitatu, tofauti inafika kilo tano, nawe utashangaa kwa nini bega moja linauma kila Jumatatu. Dawa yake haina gharama. Bebeni vyuma vyenu hadi kwa mnunuzi wa mahindi, mumwombe mizani, kisha muandike uzito kwa rangi ubavuni mwa kila ndoo.

Tabia ya pili ndiyo ya hatari. Mwenye sahani za kawaida akiwa peke yake huambiwa asifunge vibano vya ncha, ili akizidiwa akilaze upande mmoja, sahani ziteleze, chuma kiruke, naye atoke. Kelele itakuwa kubwa na sakafu itaumia, lakini atapumua. Zege lililomwagiwa bomba halitelezi. Kwa chuma cha namna hiyo mlango wa kutokea umejengewa ukuta, na kukibingirisha hadi mapajani kama nilivyofanya kunawezekana tu kwa uzito mdogo. Mkubwa hupasua vilivyomo tumboni. Kanuni yangu haina mjadala: bomba lenye zege lisisukumwe benchini na mtu aliye peke yake, isipokuwa pana kitu cha kulipokea.

Ilungu na kintengwe

Kitu cha kulipokea. Hapa Ufipa ina somo la kale kutoka kwa wahunzi wake.

Wafipa waliyeyusha chuma kwa matanuri mawili. La kwanza, ilungu, lilikuwa nguzo ya udongo iliyozidi kimo cha mtu, mengine yakikaribia mita tatu, yenye matundu kuzunguka sehemu ya chini. Lilivuta hewa lenyewe. Mafundi walilijaza mawe ya chuma na mkaa, wakawasha, nalo likawaka kwa siku kadhaa bila mtu kupuliza. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, hivyo kilipelekwa kwenye tanuri la pili, kintengwe, dogo, ambalo bila watu wa kuvuta mivukuto halikufanya lolote. Kazi hiyo ilikoma chuma cha viwandani kilipoingia, lakini mabaki ya matanuri hayo yapo hadi leo, na mwanaakiolojia Profesa Bertram Mapunda aliyachunguza kwa kina katika miaka ya 1990.

Wahunzi wale hawakubishana ipi bora kati ya tanuri na mtu. Walijua kazi ipi iachiwe maumbile ya chombo, na ipi inadai mikono. Benchi nalo lina ulinzi wa namna mbili. Mtu wa kichwani ni kintengwe: ana akili, anasoma dalili, lakini akichoka au akigeuka, umekwisha. Nguzo za kupokea chuma ni ilungu: hazina akili, hazikutii moyo, ila hazigeuki kutazama simu.

Nguzo hizo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza: mbili, moja kila upande wa benchi, zikiwa na kitako kipana au zimechimbiwa chini kwa saruji. Urefu ndio siri. Lala benchini, jaza pumzi, kifua kikiwa juu kabisa. Nguzo ziishie unene wa kidole chini ya kifua hicho, lakini juu ya usawa wa shingo yako. Ukisukuma vizuri hutazigusa. Ukizidiwa, toa pumzi; kifua kinashuka, chuma kinabaki juu ya nguzo, unatoka kama mtu anayetoka chini ya meza. Kabla ya kuziamini, weka chuma chenye uzito mkubwa kuliko wowote unaosukuma, kiangushe juu yake kutoka kimo cha kiganja, mara kadhaa, wewe ukiwa umesimama pembeni.

Usipokuwa na nguzo wala mtu, una njia mbili za heshima. Lala sakafuni badala ya benchini, bomba likiwa limekalishwa juu ya matofali kila upande. Viwiko vitagusa sakafu kabla chuma hakijafika kifuani, na matofali yatapokea kilichobaki. Au acha chuma, piga pushapu miguu ikiwa juu ya benchi. Pushapu haijawahi kumlalia mtu. Baridi ya Juni ikikaza, anza na bomba jepesi mara kumi na tano, maana misuli baridi husaliti mapema. Na mgeni kutoka Dar es Salaam akumbuke kwamba huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa kiasi cha moja ya tano. Apumzike zaidi kati ya seti na seti, asione haya.

Likitokea

Likitokea, chuma kitoke kwanza. Watu wawili, mmoja kila ncha, kwa amri moja. Kama aliyelaliwa hapumui, alazwe chini chali, na mmoja ashindilie katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Kama anapumua lakini chuma kilimgonga shingoni, apelekwe hospitali hata akisema yuko salama. Uvimbe wa koo huweza kukua kwa saa kadhaa, na anayecheka saa nne asubuhi anaweza kukosa hewa saa nane mchana. Sauti iliyobadilika au shida ya kumeza mate ni dalili ya kutosha.

Mimi sikwenda hospitali. Nilikwenda kwa fundi, siku ya tatu, nikiwa na kipande cha bomba begani na hela ya elektrodi. Alinilaza benchini kama fundi cherehani anayempima mteja, akaniambia nijaze pumzi, akachora mstari wa chaki ubavuni. Jioni ile nguzo mbili zilikuwa zimesimama, zimepakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye trela la mtu.

Nilipita pale mara ya mwisho nikiwa njiani kwenda kwingine. Benchi ni jingine, vijana ni wengine, lakini nguzo ni zilezile. Mmoja alikuwa amelala, mwingine amesimama kichwani pake, mikono chini ya chuma. "Ngapi?" "Nne." Niliinama nikazitazama nguzo. Rangi nyekundu imebaki ubavuni tu. Juu kabisa, pale chuma kinapokaa, imekwanguliwa hadi bati jeupe. Nilianza kuihesabu michubuko ile, nikaacha. Ilikuwa imepandana.